Pumba tunazowapa kuku

Daktari Denis Burkitt alikuwa mpasuaji wa Kiairishi mwenye jicho moja, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Lira kabla ya kuhamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Ulimwengu wa tiba unamkumbuka kwa saratani inayovimbisha taya za watoto, ambayo ilipewa jina lake baada ya makala aliyoichapisha mwaka 1958. Lakini jambo lililomkaa kichwani miaka yake ya baadaye lilikuwa jingine kabisa. Lilikuwa choo, si kile cha kujengwa kwa matofali, bali kile kinachoachwa humo.

Akiwa amesharudi Uingereza, Burkitt aliendelea kuwaandikia madaktari wa hospitali za misheni barani Afrika. Wanapokea wagonjwa wangapi wa kidole tumbo? Wa mawe ya nyongo? Wa saratani ya utumbo mpana? Majibu yalifanana: ni nadra mno. Huko London, wakati huo huo, hayo ndiyo yaliyokuwa yakijaza wodi za upasuaji. Basi akaanza kupima. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili, Alec Walker na Neil Painter, walichapisha katika jarida la The Lancet hesabu ambazo hadi leo zinawachekesha wanafunzi wa udaktari kabla ya kuwafikirisha. Wanavijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 hivi za choo kwa siku, na chakula kilipita mwilini mwao kwa takriban saa 36. Mabaharia wa jeshi la Uingereza walitoa gramu 100 na ushee, na chakula kilikaa ndani yao zaidi ya siku tatu. Burkitt alipenda kuwatania wasikilizaji wake kwamba nchi yenye choo kidogo hujenga hospitali kubwa.

Tofauti, alisema, ni makapimlo, au nyuzinyuzi kama wengi tunavyoziita: ile sehemu ya mmea isiyosagika tumboni. Zinanyonya maji, zinaongeza ujazo, zinasukuma mzigo utoke. Maelezo hayo hayakuwa na kosa, ila yaliwaacha nje wahusika wakuu. Choo kikikaushwa maji yote, kati ya robo na nusu ya kinachobaki ni bakteria, walio hai na waliokufa. Mkulima yule wa Uganda hakuwa anatoa tu mabaki ya maharage na viazi vitamu vya jana. Alikuwa anavuna.

Kwa miaka mingi vitabu vilirudia kwamba bakteria walio mwilini ni mara kumi ya seli zetu wenyewe. Mwaka 2016 Ron Milo na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waliipiga hesabu hiyo upya na kupata kitu cha kawaida zaidi: kwa mwanamume wa wastani, seli za mwili trilioni 30 na bakteria trilioni 38. Karibu sare. Uzito wa bakteria wote hao ni gramu 200 hivi. Na karibu wote wanaishi sehemu moja, utumbo mpana, kwa sababu tumboni asidi ni kali na katika utumbo mwembamba mambo yanakwenda mbio. Sukari, wanga laini, protini na mafuta vinafyonzwa huko juu. Huko chini kinafika kilichotushinda.

Maharage ndiyo mfano ambao hauhitaji darubini. Yana aina za sukari ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo zinashuka zilivyo mpaka kwa bakteria, nao wanazichachusha na kutoa hidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Harufu inaletwa na gesi chache zenye salfa. Kwa hiyo abiria anayechafua hewa ndani ya daladala baada ya wali maharage hana ugonjwa wowote. Ukiacha suala la adabu, anawalisha vizuri.

Lakini gesi ni moshi tu wa shughuli. Kinachotengenezwa hasa ni asidi fupi za mafuta, na mojawapo, butireti, ndiyo chakula cha seli zinazotandaza ukuta wa utumbo mpana. Seli hizo hupata sehemu kubwa ya nguvu zake, takriban asilimia 70, si kutoka damuni kama seli nyingine, bali kutoka kwa bakteria wa upande wa pili wa ukuta. Butireti pia hutuliza uvimbe na husaidia kuuweka ukuta huo imara. Nyuzinyuzi zikikosekana, bakteria hawalali njaa. Katika panya wa maabara wameonekana wakigeukia ute unaolinda ukuta wenyewe na kuanza kuula.

Jaribio lililonishawishi kuliko yote halikufanywa kwa panya. Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh aliwachukua Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa KwaZulu, Afrika Kusini, akawabadilishia sahani kwa wiki mbili. Wamarekani walipewa uji wa mahindi, maharage, mboga na matunda. Nyuzinyuzi zao zikapanda kutoka gramu 14 hivi kwa siku hadi 55. Waafrika walipewa soseji, baga na chipsi. Nyuzinyuzi zikashuka kutoka gramu 66 hadi 12, na mafuta yakawa nusu ya chakula chao chote. Katika jamii hizi mbili saratani ya utumbo mpana haina uwiano kabisa: kwa Wamarekani weusi ni wagonjwa 65 hivi katika kila watu 100,000, na kwa wanavijiji hao hawafiki watano. Baada ya siku 14 tu, butireti ya Wamarekani ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili na dalili za uvimbe katika utumbo zilikuwa zimepungua. Kwa Waafrika kila kitu kilikwenda kinyume. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Haina maana kwamba wiki mbili za soseji zinaleta saratani. Maana yake ni kwamba mazingira ambamo saratani hujengeka hubadilika haraka kuliko tulivyodhani, na yanabadilika kwa kijiko.

Sasa twende mashineni. Gunia la mahindi likifika kwenye mashine ya mtaani, mwenye nalo huulizwa kama anakoboa au anasaga moja kwa moja. Akikoboa, ganda na kiini vinaondoka, unga wa sembe unatoka mweupe na laini, na pumba zinabaki pembeni kwenye viroba. Zinauzwa kwa wafugaji. Kuku anakula nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na mafuta ya kiini. Sisi tunakula wanga. Nyumba nyingi za mjini zinaona ugali wa dona, yaani wa unga usiokobolewa, ni wa shuleni, jeshini au gerezani. Hadhi ya sembe ni weupe wake, na weupe huo ndio unaowanyima wale trilioni 38 mlo.

Hata hivyo wanaotuhubiria dona bila kupumua wanaruka jambo zito. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini kuliko katikati ya punje. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukoboa hupunguza sumu hiyo. Kwa hiyo dona la mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuchambuliwa ni jema. Dona la mahindi yenye ukungu ni hatari kuliko sembe. Anayenunua unga wa dukani uliokwisha kufungwa hana njia ya kujua kwa macho, ndiyo maana nyuzinyuzi ni afadhali zitafutwe mahali pengi: kunde, choroko, njugu mawe, mtama, ulezi, matembele, kisamvu, ubuyu. Na kiporo. Ugali, wali au viazi vikipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya kuwa wanga sugu usiosagika juu, ukashuka mzima mpaka kwa bakteria. Bibi aliyekula kiporo na chai ya rangi asubuhi alikuwa na la kusema mbele ya wataalamu wa lishe, mradi tu chakula hakikulala kwenye joto usiku kucha, kwa sababu wali ulioachwa nje huotesha bakteria wengine wenye sumu ya kutapisha.

Kwa watoto wachanga hadithi inaanza mapema zaidi, kwenye titi. Maziwa ya mama yana sukari changamano ambazo kwa wingi ni za tatu baada ya laktosi na mafuta, na mtoto hawezi kuzisaga hata kidogo. Mama anatumia nguvu zake kutengeneza chakula kisichomfaa mwanawe moja kwa moja. Kinamfaa bakteria aitwaye Bifidobacterium, hasa aina ya infantis, ambaye akishiba sukari hizo hutia uchachu kwenye utumbo wa mtoto na kuwanyima nafasi wale wa kuharisha.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini kilichotokea Kenya kiliwashtua wataalamu. Upungufu wa damu kwa watoto wadogo ni tatizo la kweli, na dawa yake inaonekana rahisi: poda yenye madini ya chuma inayonyunyizwa kwenye uji. Michael Zimmermann wa chuo cha ETH Zurich na wenzake wa Kenya waliwapa watoto wa miezi sita wa vijijini uji wenye poda hiyo kwa miezi minne, wengine wakapewa poda isiyo na chuma. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba chuma kiliongeza bakteria wa jamii ya E. coli, wakiwemo wale wanaosababisha magonjwa, na kuongeza uvimbe wa utumbo. Wapo pia watoto wengi zaidi waliohitaji kutibiwa kuharisha. Sababu yake ni ya kimsingi kabisa: mtoto hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma hicho, kinachobaki kinashuka, na bakteria wengi waharibifu wana kiu ya chuma kuliko kitu kingine, wakati wale watengeneza uchachu hawakihitaji sana.

Tahadhari hii ilikuwa na ndugu yake. Huko Pemba, utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki ulisimamisha chuma kabla ya wakati kwa sababu waliokipata walilazwa na kufariki zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 2006, na pale mshukiwa mkuu alikuwa malaria. Jamaa wa Zurich hawakuishia kwenye kulalamika. Walirudi pwani ya kusini ya Kenya, Kwale, na kutoa poda yenye chuma kidogo iliyochanganywa na sukari inayofanana kitabia na ile ya maziwa ya mama. Bakteria wema walibaki wengi na madhara ya chuma yakapungua sana. Mimi naliona hili kuwa ndilo funzo bora kuliko matangazo yote ya bakteria wa kwenye chupa: hawakumpa mtoto bakteria mpya, waliwapa chakula wale aliokuwa nao.

Upande wa pili wa shilingi uko duka la dawa. Tumbo likiuma, mtu mzima wa mjini hamwendei daktari, anaomba Flagyl. Anauziwa vidonge vya siku mbili, anavimeza viwili vitatu, maumivu yanakata yenyewe kama ambavyo yangekata, na dawa inapewa sifa. Flagyl ni dawa muhimu kwa amiba na giardia iliyothibitishwa maabara. Lakini kazi yake nyingine ni kuua bakteria wasiovumilia oksijeni, na huo ndio wasifu wa wakazi wengi wa utumbo mpana. Kuharisha kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi ambavyo havijali antibayotiki yoyote; kinachookoa maisha ni maji ya chumvi chumvi, ORS, pamoja na zinki.

Mahali palipofyekwa hapabaki wazi. Yupo bakteria aitwaye Clostridioides difficile anayejifunga ndani ya ganda gumu antibayotiki inapopita, kisha akaamka wenziwe wakiwa hawapo. Huleta kuharisha kunakorudi kila dozi inapoisha, na Ulaya na Marekani huua wazee wengi hospitalini. Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam walijaribu tiba ambayo ukimsimulia mtu mezani ataacha kula: choo cha mtu mwenye afya, kilichokorogwa kwenye maji ya chumvi na kuchujwa, kinapitishwa kwa mpira wa puani hadi utumbo mwembamba. Kati ya wagonjwa 16 waliopewa, 13 walipona mara ya kwanza. Kati ya 13 waliopewa antibayotiki peke yake, walipona wanne. Utafiti ulikatishwa kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Wachina waliandika tiba ya namna hiyo tangu karne ya nne, na daktari wa Denver, Ben Eiseman, aliripoti wagonjwa wanne mwaka 1958, lakini ilihitaji ukaidi wa miaka 50 na zaidi ili wakubwa wa tiba washinde kichefuchefu chao. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha bidhaa ya kwanza ya aina hiyo Novemba 2022. Mamlaka hiyo hiyo ilitoa onyo mwaka 2019 baada ya mgonjwa mmoja kufa kwa E. coli sugu aliyetoka kwenye choo cha mchangiaji. Si jambo la kujaribia nyumbani.

Nataja pia vidonda vya tumbo, kwa kuwa bado kuna watu wanaambiwa ni mawazo na pilipili. Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walimkuta mhusika, Helicobacter pylori, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakubwa walipokataa kuamini, Marshall alikunywa kikombe cha bakteria hao mwaka 1984 na kuugua uvimbe wa tumbo. Nobeli ilikuja mwaka 2005. Kwetu watu wazima wengi wanaye bakteria huyu tangu utotoni na wengi wao hawaugui maisha yao yote, kwa hiyo kipimo chanya peke yake hakimaanishi kidonda.

Yote haya yamezaa biashara. Mitandaoni kuna wanaouza unga wa kusafisha utumbo, kana kwamba uchafu uliogandamana tangu ubatizo unangoja kung'olewa. Utumbo hausafishwi hivyo. Ukiharishwa kwa nguvu, wanaotoka ni wale wale tuliokuwa tukiwazungumzia. Vidonge vya bakteria navyo vinauzwa ghali, ilhali aina nyingi zinapita tu bila kuweka makazi. Ningeanzia kwenye togwa. Watafiti wa Tanzania na Sweden, Rose Kingamkono na wenzake, waliwapa watoto wadogo togwa kila siku na kuona bakteria wa magonjwa ya tumbo wakipungua katika choo chao. Uchachu wenyewe ndio mlinzi, na ndivyo ilivyo kwa mtindi, na kwa mursik ya Wakalenjin.

Wanaotafuta hali ya asili ya utumbo wa binadamu wamekuwa wakienda Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, jamii ya watu elfu moja na kidogo ambao baadhi yao bado wanaishi kwa mizizi, ubuyu, matunda pori, asali na nyama ya mawindo. Utafiti wa kwanza mkubwa, wa mwaka 2014, uliwalinganisha Wahadzabe 27 na wakazi 16 wa Bologna, Italia. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. La ajabu zaidi, hawakuwa na Bifidobacterium, yule anayesifiwa kwenye makopo ya yoghati ya Ulaya, ila walikuwa na Treponema, ambaye ndugu yake mmoja ndiye wa kaswende. Wenyewe walikuwa wazima. Orodha ya bakteria wema na wabaya, basi, inategemea unakula nini. Mwaka 2017 Justin na Erica Sonnenburg wa Stanford walionyesha kuwa utumbo wa Wahadzabe hubadilika kwa majira: kuna makundi yanayotoweka msimu wa mvua, wakati wa asali na matunda, na kurudi kiangazi. Makundi hayo yanayoyumba ndiyo yasiyoonekana kabisa kwa watu wa miji ya nchi tajiri.

Sipendi namna baadhi ya wageni wanavyowaandika watu hawa kama bustani ya Edeni. Wanaanthropolojia waliohesabu vizazi na vifo huko walikuta karibu nusu ya watoto hawafikishi miaka 15. Mmarekani mmoja, Jeff Leach, alijiwekea choo cha Mhadzabe kwa bomba la jikoni la kunyonyea mchuzi mwaka 2014 na kuuandikia ulimwengu habari hizo. Sijui ni sayansi gani inayofanywa na mtu mmoja asiye na wa kulinganishwa naye. Maabara za Stanford ziliposoma kwa kina zaidi sampuli za Wahadzabe na za jamii za kulinganishwa nao, mwaka 2023, zilipata vinasaba vya viumbe zaidi ya 91,000, na zaidi ya mbili kwa tano havikuwa kwenye kumbukumbu yoyote.

Na unga wa mahindi umefika Eyasi. Wanaofuatilia lishe ya Wahadzabe wameandika jinsi unavyochukua nafasi ya mizizi, hasa katika kambi zilizo karibu na vijiji na njia za watalii. Mwaka 2016 hao hao akina Sonnenburg walichapisha jaribio la panya waliopandikizwa bakteria wa binadamu na kunyimwa nyuzinyuzi. Katika kizazi cha kwanza, chakula kiliporudishwa, bakteria wengi walirudi. Kila kizazi kilichofuata kilipoteza zaidi, na kufikia cha nne chakula peke yake hakikutosha kuwarudisha. Ilibidi wapandikizwe upya. Kama binadamu naye yuko hivyo, anayetoka kwenye mizizi na kuingia kwenye sembe leo huenda asione tofauti yoyote, kwa kuwa watakaoikuta ni wajukuu.